Mfugaji wa Murungu Kisiwani

Ukishuka bondeni Murungu, wilayani Kibondo, kwa njia ya kanisani, utasikia maji kabla ya kuyaona. Ni maji ya mfereji ambao Esteria na mumewe waliuchimba kwa majembe ya mkono, miaka miwili kabla mume hajafariki. Yanaingia kwenye mabwawa manne yaliyopangwa kama ngazi, na ndani ya mabwawa hayo kuna sato. Alipoanza, watu wa Kibondo walimcheka. Walisema samaki ni wa Mto Malagarasi au wa ziwani, hapandwi shambani kama muhogo. Siku hizi hao hao huja kwake na ndoo kununua vifaranga. Mradi mmoja uliokuwa ukifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta uliwahi hata kumwita awafundishe wanawake wa Burundi namna ya kuandaa bwawa. Yeye alifundisha kwa Kiha, wao wakauliza kwa Kirundi, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Mabwawa hayo ndiyo yaliyomsomesha binti yake wa pekee, Evaline, mpaka chuo kikuu. Evaline alisomea viumbe wa baharini. Alipomaliza akapata kazi kisiwani Unguja, katika nyumba ya kuonyeshea samaki ya mtu mmoja aitwaye Ridhiwani. Kila likizo alimwomba mama yake aende akaone kazi yake, na kila likizo Esteria alijibu kwamba samaki hawaachwi peke yao. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila halikuwa lote. Kwa miaka minne alikuwa akingoja binti yake achoke na bahari arudi nyumbani. Hakutaka kwenda kuisifia kazi ambayo angependa iishe.

Mwezi wa sita, shemeji yake Anatoli alikuja kutoka Kasulu akiwa na karatasi aliyoichapisha dukani. Lilikuwa tangazo la kazi: ofisa uvuvi, Kasulu, awe na shahada. Esteria alilisoma mara mbili, akalikunja, akamwambia Anatoli ahamie Murungu wiki mbili awaangalie samaki.

"Unakwenda wapi?" Anatoli akauliza.

"Kumchukua mwanangu."

Akamwonyesha kiasi cha pumba cha kuwapa, akamkataza kabisa kuwalisha siku ya mawingu mazito, kisha akapanda basi. Kesho yake asubuhi alikuwa Dar es Salaam, na mchana alikuwa ndani ya boti akiitazama bahari kwa mara ya kwanza katika miaka yake hamsini na sita. Hakuiogopa. Aliona tu kwamba ni maji mengi kuliko yanayohitajika.

Evaline alimpokea bandarini, akampigia goti kama walivyozoea nyumbani, na watu waliokuwa wakipita wakageuka kutazama. Alikuwa amekonda kidogo na jua lilikuwa limemchoma usoni. Njiani Esteria alimweleza habari za Murungu zote, nani ameoa, nani amezikwa, lakini karatasi hakuitaja. Alikuwa amepanga kuitoa siku ya tatu, baada ya kuiona kazi hiyo na kupata la kusema juu yake.

Kesho yake wakaenda kwenye nyumba ya samaki. Ilikuwa jengo refu la mawe pembeni ya ufuko, lenye baridi ndani na mwanga mdogo, ili macho yaende kwenye vioo. Asubuhi hiyo lilikuja kundi la wageni wapatao ishirini, wengi wao walimu kutoka bara waliokuwa kwenye ziara, na Evaline ndiye aliyewaongoza. Esteria alifuata nyuma yao na kitenge chake begani, kama mgeni mwingine yeyote.

Hakuwa ametegemea rangi. Samaki aliowajua yeye walikuwa na rangi ya maji na tope, na hiyo ndiyo akili ya samaki, kujificha. Hapa palikuwa na pono wa kijani na buluu, mdomo wake kama wa kasuku, akitafuna jiwe hadi sauti ikasikika kwenye kioo. Palikuwa na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wakiingia na kutoka katikati ya vidole laini vya kiumbe kilichofanana na ua. Bunju, samaki wa kujivimbisha, alikuja hadi kiooni akamkodolea macho. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, alitoa kichwa chake kwenye bomba la udongo, akafungua na kufunga mdomo kama mtu anayetafuta neno. Na pweza, ambaye Esteria alikuwa amemsikia tu kwenye redio, aliupanda ukuta wa kioo mkono mmoja baada ya mwingine, akabadilika kutoka kahawia kuwa mwekundu mbele ya macho yao.

Walimu walipiga picha. Esteria aliuliza maswali. Wanakula nini, mara ngapi? Maji yanatoka wapi? Anayekula wenzake mnamtenganisha vipi? Ridhiwani mwenyewe, mtu mzima mwenye kofia ya kiua na sauti ya taratibu, alikuja kusimama karibu naye akasikiliza. Mbele ya tangi la mwisho, lililojaa samaki wadogo wa rangi zote, Esteria akamgeukia.

"Hapa mmewajaza."

"Wageni wanapenda kuona wengi, Bi Esteria," Ridhiwani akajibu.

"Samaki hawapendi."

Ridhiwani akacheka, si kwa dharau, akasema ataliangalia jambo hilo.

Nyuma ya jengo Evaline alimwonyesha kitu ambacho wageni hawaonyeshwi. Palikuwa na karo sita ndefu zenye maji yanayotembea, na ndani ya kila moja vipande vya matumbawe vilivyofungwa kwenye vigae vya saruji, vingine vidogo kama ncha ya kidole. Akaeleza kwamba mawe hayo ni viumbe hai. Bahari ilipopata joto miaka iliyopita mengi yalikufa mbele ya kisiwa, na yeye alikuwa ameokota vilivyobaki, akavikata, akavikuza. Vipande mia tatu vilikuwa vimefikia umri wa kurudishwa baharini.

Esteria aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Hiki ni kitalu," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ni kitalu."

Ilikuwa saa sita na nusu mchana umeme ulipokatika. Taa zilizimika, na mlio wa pampu, ambao Esteria hakuwa ameutambua mpaka ulipokoma, ukakoma. Hakuna aliyeshtuka. Umeme ulikuwa ukikatika mara nyingi, na jenereta ilikuwa hapo nje. Fundi wao, Sylvesta, alitoka kwenda kuiwasha. Wageni wakakaa barazani wakanunua maji ya madafu.

Jenereta haikuwaka. Sylvesta alijaribu tena na tena, kisha akaanza kuifungua. Maji yalikuwa yameingia kwenye dizeli, akasema. Ilibidi asafishe njia yote ya mafuta. Ridhiwani alipiga simu kwa watu wa umeme akaambiwa hitilafu ni kubwa na mafundi wako njiani. Evaline alikimbilia kwenye karo zake za matumbawe akaanza kuyakoroga maji kwa ubao, maana matumbawe yasipopitiwa na maji husongwa.

Esteria alikuwa amebaki ndani peke yake. Ilikuwa imepita nusu saa. Alisimama mbele ya tangi lile la samaki wadogo, na katika mwanga wa mlangoni akaona kitu alichokijua kuliko alivyojua kusoma. Samaki wote walikuwa wamepanda juu. Midomo yao ilikuwa imegusa uso wa maji, ikifunguka na kufungwa haraka haraka. Nyumbani huwaona hivyo alfajiri, baada ya siku ya mawingu, bwawa likiwa limejaa mno. Wafugaji wageni hudhani samaki wana njaa, wakawamwagia chakula, na kufikia saa mbili asubuhi wanaelea wote.

Akageuka na kumwona msichana mmoja mfanyakazi wa hapo akija na bakuli la chakula. Msichana yule alikuwa ameona midomo akawahurumia.

"Weka chini hicho," Esteria akasema. "Usiwape hata punje. Hawana njaa, hawana pumzi. Nipe ndoo na kata."

Hakungoja ruhusa ya mtu. Alijifunga kitenge kiunoni, akapanda kwenye ngazi fupi ya nyuma ya tangi, akachota maji ya tangi lenyewe, akainua kata juu kadiri mkono ulivyofika, akayamwaga taratibu ili yavunjike na kubeba hewa. Akachota tena. Mara kumi, mara ishirini. Midomo haikushuka, lakini ilipunguza kasi. Alimtuma msichana awaite watu wote waliokuwa barazani, awaambie waje na chochote kinachoshika maji.

Walimu wale wakaja. Wengine walikuja na vikombe vya chai, wengine na makopo, mmoja na kofia yake. Esteria aliwagawa wawili wawili kwa kila tangi, kama alivyokuwa akiwagawa wanawake wa Nduta, akawaonyesha mara moja tu. Chota chini, mwaga kutoka juu, usikoroge tope, usipige kelele kwenye kioo. Mwalimu mmoja mwanamume akauliza watafanya hivyo mpaka lini. Esteria akamwambia mpaka umeme urudi au samaki wafe, kimojawapo. Mwalimu akavua saa yake, akakunja mikono ya shati.

Ridhiwani aliingia akawakuta hivyo. Alitazama, akatafuta beseni, akapanda ngazi.

Baada ya saa moja hivi Esteria aliona kwamba tangi lile lililojazwa halingevuka kwa kumwagiwa peke yake. Mmoja wa samaki alikuwa ameanza kulala ubavu. Nyumbani angefanya jambo moja, kufungua mfereji na kuingiza maji mapya. Akaenda mlangoni kutafuta bahari. Asubuhi bahari ilikuwa imefika kwenye ukuta wa jengo. Sasa ilikuwa imeondoka. Palikuwa na mchanga mtupu hadi mbali, na vidimbwi hapa na pale vikimetameta juani. Hakuwa amewahi kuona maji yakihama namna hiyo, lakini vidimbwi alivijua, na kimoja kilikuwa karibu. Akachukua ndoo mbili.

Evaline alimwona kutoka kwenye karo zake, akaacha ubao, akamfuata mbio.

"Mama, usichote hapo."

"Wanakufa, mwana wanje," akasema, akimwita mwanangu kwa Kiha. "Wanataka maji mapya."

"Tia mkono."

Esteria akatia mkono. Kidimbwi kilikuwa na moto kama maji ya kuogea mtoto.

"Bahari imekupwa, jua limepiga hapa toka saa tatu," Evaline akasema. "Maji ya moto hayabebi hewa, na hawa si sato. Tukiwabadilishia joto ghafla, tutawaua wote kabla ya jua kushuka. Tuwapunguze. Tangi la kasa ni kubwa, na kasa anavuta hewa ya juu kama sisi, hawatanyang'anyana. Tuweke wavu katikati tuwahamishie nusu."

Alisema bila kupandisha sauti. Esteria alimtazama binti yake, mikono yake ikiwa na michubuko ya matumbawe, macho yake yakiwa yameshahesabu matangi yote na kujua lipi lifuate. Alikuwa amemfundisha mtoto huyu kushika kifaranga cha samaki bila kukivunja. Hili lingine hakumfundisha yeye. Akamwaga maji yale mchangani.

"Niambie nianzie wapi," akasema.

Wakawahamisha. Evaline alikamata kwa wavu, Esteria alibeba, walimu wakaendelea kumwaga. Kasa wawili waliokuwa ndani ya tangi kubwa walisogea pembeni wakawaacha wageni wao wapite. Aliyekuwa na hali mbaya zaidi alikuwa pweza. Alikuwa amejikunja chini na kuwa mweupe kabisa, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Evaline alimtazama Ridhiwani. Pweza huyo ndiye aliyeletea nyumba ile wageni wengi kuliko samaki yeyote, na wote wawili walijua.

"Hapa hatafika jioni," Evaline akasema.

"Mpeleke," Ridhiwani akajibu.

Mama na binti walibeba ndoo kwa pamoja, kila mmoja ameshika upande wake wa mpini, ikiwa imefunikwa kitenge cha Esteria. Walivuka mchanga ule wote, kwa mwendo wa robo saa hivi, wakikwepa miiba ya shokomanzi na viti vya pweza vyekundu, vyenye umbo la nyota, vilivyolala kwenye maji machache, mpaka ukingoni ambapo bahari ilianza tena na kina kikashuka ghafla. Maji ya hapo yalikuwa baridi. Evaline akaizamisha ndoo, akailaza. Pweza hakutoka mara moja. Kisha mkono mmoja ukashika jiwe, na mwingine, na rangi ikaanza kumrudia kuanzia kichwani, akajisukuma na kuteremka gizani kwenye matumbawe.

Esteria alisimama maji yakimfika magotini. Chini ya miguu yake, hapo hapo, bila kioo chochote, walikuwa wakipita wale wa mikanda myeupe na wale wa buluu, wengi kuliko wote walioko ndani. Aliwatazama mpaka Evaline alipomgusa bega kumkumbusha kwamba bado kuna kazi.

Saa kumi kasoro jenereta iliwaka. Sylvesta aliingia ameloa dizeli hadi viwikoni, na pampu zilipoanza kunguruma walimu wakapiga makofi kisha wakaketi sakafuni palepale walipokuwa. Walikuwa wamepoteza samaki saba na farasi-bahari mmoja. Wengine wote walikuwa hai, na matumbawe mia tatu yalikuwa salama, kwa sababu mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa amepokea ubao wa Evaline na hakuuacha mpaka mwisho. Ridhiwani alimshukuru kila mtu kwa jina baada ya kuwauliza majina. Alipofika kwa Esteria alivua kofia.

"Nilikuambia nitaangalia lile tangi," akasema. "Nimeangalia. Nusu yao hawatarudi humo."

Jioni, kabla ya jua kuzama, mama na binti walikaa kwenye ngazi za nyuma wakala mihogo na tasi wa kukaanga, nguo zao zikiwa na chumvi kavu. Esteria aliitoa karatasi akamkabidhi Evaline. Evaline aliifungua, akaitambua kabla ya kuisoma.

"Nimeiona wiki tatu zilizopita," akasema. "Sikuomba. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Kwa nini hukutaka?"

"Mwezi wa nane narudisha matumbawe baharini. Nikiondoka, hakuna mwingine anayejua kipi kimetoka wapi. Halafu itachukua miaka kuona kama yameshika." Akaikunja karatasi. "Najua uko peke yako kule, Mama."

Esteria alitafuna mpaka akamaliza. Njia nzima kutoka Kibondo alikuwa ameyapanga maneno yake, na yalikuwa mazuri. Yalikuwa ya mama mjane na mtoto mmoja, na alijua Evaline asingeweza kuyapinga.

"Nilikuja kukuchukua," akasema. "Leo nimeona ulivyonizuia kwenye kile kidimbwi. Kama ungekuwa hapa kwa kubahatisha, ungeniacha nichote, kwa sababu mimi ni mama yako. Hukuniacha. Basi kaa na kitalu chako. Mwenye kitalu haondoki miche ikiwa haijashika. Mimi sijawa mzee wa kushikwa mkono, na Anatoli yuko."

Evaline akaegemea bega la mama yake kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Walikaa hivyo mpaka maji yakaanza kurudi juu ya mchanga, kidogo kidogo, bila sauti.

Esteria alibaki kisiwani siku zote zilizosalia. Ridhiwani alimwomba awafundishe wafanyakazi wake kuona dalili za samaki aliyekosa pumzi, naye akawafundisha, kila asubuhi, mbele ya vioo, kwa Kiswahili chake cha Murungu ambacho mwanzoni kiliwachekesha na baadaye hakikuwachekesha tena. Siku ya kuondoka walimpa mfuko wa dagaa na kofia ya ukili.

Kule nyumbani Anatoli alikuwa amewalisha samaki siku moja ya mawingu, akaungama mwenyewe, na Esteria akamsamehe kwa sababu hakuna aliyekufa. Tangazo la kazi alimpelekea kijana mwenye shahada wa Kasulu, akaomba, akapata.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, vifaranga wa bwawa la tatu wakaota nyuzi nyeupe kama pamba kwenye mapezi. Esteria aliwahi kuuona ugonjwa huo mara mbili, na mara zote mbili aliwapoteza. Safari hii alipanda hadi mtandao unaposhika, akampigia Evaline, akamweleza alichoona na hali ya maji. Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza binti yake habari ya mabwawa.

Evaline aliuliza maswali manne, kisha akasema, "Chumvi, Mama. Vijiko sita vya chakula kwenye ndoo ya lita kumi, wakae dakika kumi, usiwaache hata kidogo bila kuwatazama. Mmoja akilala ubavu, mtoe."

"Chumvi yoyote?"

"Isiyo na vitu vingine. Ya Uvinza inafaa."

Esteria akanunua chumvi ya Uvinza pale pale njiani, akashuka bondeni. Alitia mkono majini kwanza kupima joto, akakoroga, akachota vifaranga kwa wavu, akawaingiza. Mvua ilikuwa ikinyunya. Alipiga magoti kwenye tope kando ya ndoo, akaanza kuhesabu dakika, macho yake yakiwafuata mmoja mmoja.